Wasomaji Wanauliza: Mtungi Usiopoza Maji

Shikamooni wahariri. Nimelelewa katika nyumba ya makuti, bila umeme wala friji, na maji ya mtungi yalikuwa baridi hata jua la utosi. Nataka wanangu wayajue maisha yale. Nimenunua mtungi, nikauosha kwa sabuni, nikaupaka rangi ya mafuta upendeze sebuleni. Maji yana uvuguvugu, tena yananuka. Kuna nini?
*Mama wa watatu, Pangani*

Marahaba, mama. Rangi ndiyo iliyouua mtungi wako. Udongo uliochomwa una matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi nje, upepo huyakausha, na yanapokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi usiotoa jasho haupozi. Hata ukiukwangua kwa msasa, rangi iliyokwisha kunywewa na udongo haitoki. Huo panda maua, ununue mwingine.

Dukani ugonge kwa kifundo cha kidole: mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti butu. Ukifika nyumbani usiguse sabuni, maana udongo huinywa na kuirudisha kwenye maji kidogo kidogo, na hiyo huenda ndiyo harufu unayoisikia. Sugua kwa makumbi ya nazi na maji matupu. Ujaze hadi shingoni, uuache usiku na mchana, umwage, urudie kwa siku tatu mpaka ladha ya udongo iishe. Ukilowa mwili mzima, furahi. Maji yakichuruzika mahali pamoja tu, pana ufa. Urudishe kwa muuzaji.

Sebuleni sipo mahali pake. Uweke kivulini panapopita upepo, barazani kwa mfano, juu ya karai la mchanga uliolowa. Wakati wa masika usiudai sana: hewa imejaa unyevu, jasho halikauki upesi. Miezi ikipita ukaona utando mweupe kwa nje, ni chumvi ya maji ya kisima inaziba matundu. Sugua kwa makumbi mpaka rangi ya udongo irudi.

Mkitaka ile harufu ya maji ya kwa bibi, mtungi ukiwa mkavu ufunike juu ya chetezo chenye makaa machache na ubani. Inua ukingo kidogo kwa kijiti, la sivyo makaa yatazimika. Moshi ukishajaa, geuza, tia maji papo hapo na ufunike.

Jambo moja tunalisisitiza kwa sababu ya watoto: mtungi hupoza, hausafishi. Maji yachemshwe, yapoe kabisa ndipo yamiminwe, maana ya moto huupasua. Wachote kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu ili mkono usiingie ndani, na kata itundikwe ukutani, isilazwe chini.

Mafiga yangu ya mawe ya ufukweni yanameguka, na moja limepasuka kwa kishindo. Kwa nini?
*Msomaji, Tongoni*

Hayo bila shaka ni matumbawe, mawe yale yale yanayochomwa tanuruni kupata chokaa. Moto wa jikoni huunguza uso wake, mvua ikiupata unageuka unga. Kishindo ni cha maji yaliyojificha ndani ya jiwe: yakichemka bila njia ya kutokea, hulipasua. Vipande vinaweza kumtoboa mtu jicho, kwa hiyo yatoe leo.

Chukua udongo wa kichuguu, uukande na maji na nyasi zilizokatwakatwa hadi ushikamane bila kunata mkononi. Finyanga mafiga matatu, kila moja urefu wa shibiri na zaidi, kwa kuwa theluthi itafukiwa ardhini. Yakaushe kivulini wiki mbili. Juani ngozi ya nje hukauka kabla ya moyo, ndipo nyufa huanza. Siku za mwanzo washa moto mdogo tu.

Koroboi yangu inatoa moshi mwingi, pua za watoto zinakuwa nyeusi.
*Baba, Muheza*

Utambi umetokeza mno. Kata ncha iliyoungua, uushushe ubaki kama kichwa cha kiberiti juu ya mrija. Tumia kitambaa cha pamba, si cha nailoni. Usijaze mafuta ya taa hadi juu, usiongeze wakati inawaka, wala usichanganye na petroli hata tone, kwani hulipuka. Watoto wakilala, izime.