Tumbo Hukaza Usiku: Je, Ndio Uchungu?

SWALI: Nina mimba ya kwanza, na kwa mujibu wa kadi ya kliniki nimeingia wiki ya 37. Usiku tumbo hukaza likawa gumu, kisha huachia. Tangu juzi napumua kwa urahisi zaidi, lakini haja ndogo hainipi nafasi. Mama mkwe ananisihi ninywe dawa ya miti ili nisichelewe, na jirani anasema mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, nisihangaike. Nitajuaje kwamba wakati umefika?
Msomaji, Muheza

JIBU: Kupumua vizuri huku ukikimbilia chooni ni dalili kwamba mtoto ameshuka kwenye nyonga, jambo ambalo kwa mimba ya kwanza hutokea mara nyingi wiki chache kabla ya uchungu. Tumbo linalokaza na kuachia bila mpangilio, likatulia unapotembea, kunywa maji au kugeuka ubavu, ni uchungu wa uongo. Uchungu wa kweli hautulizwi hivyo: mara nyingi huanzia kiunoni na kuzunguka hadi chini ya tumbo, hurudi kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, na kila unaporudi huwa mkali na mrefu zaidi. Ukiona unakujia kila baada ya dakika 5 hivi kwa muda wa saa nzima, nenda kituoni. Na kama unaishi mbali au barabara ni mbovu, usingoje ufikie hapo. Ute mzito wenye michirizi ya damu huashiria kwamba mlango wa uzazi unaanza kujiandaa, ingawa uchungu wenyewe unaweza kuchukua siku kadhaa. Chupa ikipasuka, nenda hata kama huna maumivu, na utazame rangi ya maji: yakiwa ya kijani au kahawia, yaelekea mtoto amejisaidia tumboni, hivyo usikawie hata kidogo.

Kuhusu jirani yako, naomba usimsikilize. Namna ya kucheza inaweza kubadilika kwa kuwa nafasi imebana, lakini mtoto mwenye afya huendelea kucheza hadi siku ya kuzaliwa. Akipunguza kuliko ulivyozoea, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Vivyo hivyo kwa damu inayotoka kama ya hedhi, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba ghafla, kwa sababu baadhi ya hizo hutangulia kifafa cha mimba.

Mama mkwe, ambaye nia yake bila shaka ni njema, aambiwe kwa adabu kwamba dawa hizo hazina kipimo. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mfuko wenyewe ukachanika. Wala hujachelewa, maana ni watoto wachache wanaozaliwa tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Hudhuria kliniki wiki ya 38 na ya 40, na ukifika ya 41 bila uchungu, rudi hospitali, ambako wataalamu wataamua kama uanzishiwe.

Msaada atakaokufaa nao mama ni kuandaa safari: khanga safi, pedi, nguo za mtoto, vifaa mlivyoelekezwa kliniki, na makubaliano na mwenye gari au bajaji atakayepokea simu usiku wa manane. Kadi iwekwe juu kabisa ya mkoba, kwani ndiyo atakayoiulizia kwanza mkunga wa zamu.