Mfalme Hirohito aliamua, basi

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha nne. Kwenye zoezi la historia kuhusu Japani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliandika, "Mfalme Hirohito aliamua vita viishe." Mwalimu akakata kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "alichukua maamuzi magumu". Nani yuko sahihi? – Mzazi, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Mwanao. Ningeweza kuishia hapo, lakini umenitonesha kidonda.

Sisi wa jiji hili la vikao tunalishwa "maamuzi magumu" asubuhi na jioni. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kikao kimoja. Mwenyekiti alisimama, akakohoa, akafuta vumbi kwenye miwani, akatangaza kwamba kamati "imechukua maamuzi magumu". Ukumbi ukanyamaza. Kumbe kikao kimesogezwa hadi Jumamosi kwa sababu mpishi hajafika! Jambo moja, tena jepesi. Likiwa moja ni uamuzi. Maamuzi ni wingi, kama ugonjwa na magonjwa. Aliyeshikwa na malaria haombi ruhusa kazini kwa kuwa anaumwa magonjwa.

Na hilo "kuchukua" ndilo linalonimaliza kabisa. Yalikuwa wapi hayo maamuzi, kabatini? Kinachochukuliwa ni hatua. Uamuzi hutolewa, hupitishwa, hufikiwa. "Kufanya uamuzi" nimeshakubali yaishe, kama tunavyolikubali vumbi la kiangazi hapa: unafunga dirisha, nalo linaingia.

Ajabu ni kwamba kitenzi chenyewe kinajitosheleza. Amua ni Kibantu halisi. Waganda humwita hakimu omulamuzi, na Wazulu husema lamula kwa kutenganisha wanaopigana. Maana hiyo ya kutenganisha tunayo hata sisi. Juzi soko la Majengo bodaboda wawili walikabana mashati wakigombea abiria mmoja. Mama muuza mlenda, bila hata kuinuka kwenye ndoo yake, akapaza sauti: "Jamani, waamulieni hao!" Hakusema wachukuliwe maamuzi. Na walielewa, maana shati moja tu ndilo lililochanika.

Sasa mtazame Hirohito usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 1945, ndani ya handaki la kasri lake Tokyo. Hiroshima imelipuliwa tarehe 6, Nagasaki tarehe 9, na siku hiyohiyo ya 9 jeshi la Kisovieti limeingia Manchuria, eneo la China lililokuwa mikononi mwa Japani. Wakuu sita wa baraza la vita wamegawanyika katikati: watatu wako tayari kusalimu amri kwa sharti moja tu, mfalme abaki, watatu wanang'ang'ania masharti manne. Kutwa nzima wamebishana, hakuna aliyelegea. Waziri Mkuu Suzuki akamgeukia mfalme, aseme yeye. Mfalme akaenda na wale wa sharti moja.

Watu wamekabana, mkubwa kaingia kati. Kuna neno gani la kumfaa kuliko aliamua? Ukichomeka hapo "maamuzi magumu" unamwambia msomaji ashangae, wakati handaki, miji miwili na zile kura tatu kwa tatu vimeshamshangaza. Mtoto aliliona hilo kwa neno moja.

Najua atatokea wa kunikomoa: tarehe 14 wakubwa hao walivutana tena, na mfalme akaamua tena, kwa hiyo ni mawili. Haya, mawili, maamuzi. Hayo namwachia mwalimu. Lakini lile "alichukua" alirudishe alikolichukua, na mtoto arudishiwe alama yake.