Mwanangu, kuhusu fomu ya chama

Moshi

Mwanangu,

Umeniuliza umsikilize nani: dada anayekufundisha kufungasha waridi hapo Usa River, anayesema ngoja miezi 6 ipite kabla ya kujiunga, au mwenzako wa meza ya pili aliyekupa fomu ya chama cha wafanyakazi.

Neno la anayekupokea kazini hushinda mabango yote ya chama. Ndiyo maana kitalu kimoja huweza kujaa wanachama na cha jirani kisiwe na hata mmoja.

Dada hakudanganyi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini kudai kuwa ameachishwa isivyo halali. Asilokuambia ni kwamba sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya chama, awe wa jana au wa juzi. Kinachosumbua ni kuthibitisha kwamba umebaguliwa. Kwa hiyo kungoja ni tahadhari yako tu, si sharti. Muulize pia ana mkataba gani. Mwenye mkataba wa msimu anaogopa usihuishwe, na hofu hiyo ina msingi.

Atatokea wa kusema, "Nyongeza tutapata sote, ukatwe ada ya chama ya nini?" Chama kinachowakilisha wafanyakazi walio wengi ndicho hutambuliwa kujadiliana na mwajiri, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, humgusa hata asiye mwanachama. Lakini pakiwa na makubaliano ya ada ya uwakala, yaani ada ya asiye mwanachama, naye hukatwa. Na wote wakingoja wenzao, huo wingi utatoka wapi?

Huyo wa fomu naye mbane. Akuonyeshe makato kwenye slipu yake ya mshahara, akutajie wawakilishi wa tawi. Wanachama 10 hadi 20 wanastahili wawakilishi 3. Asipomjua hata mmoja, tawi hilo limelala.

Fomu yenyewe ni TUF 6, ya kumruhusu mwajiri akukate ada ya chama. Soma jina la chama (mashambani mara nyingi ni TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba na kilimo) na kiwango cha ada: asilimia 2 ya mshahara wa 200,000, kwa mfano, ni 4,000 kila mwezi. Jaza kwa mkono wako, ubaki na nakala. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kujitoa ni kwa notisi ya maandishi ya mwezi 1, kwa mwajiri na kwa chama pia. Wengi humwambia mwakilishi kwa mdomo tu, kisha wanalalamika wanaibiwa.

Nipigie picha hiyo fomu kabla hujasaini.

Mama