Zima jiko kwanza: gochujang ya haraka na aibu yangu ya chupa saba

Jumanne usiku niliingiziwa ujumbe na msomaji wa Morogoro aliyejaribu kupika gochujang, ile rojo ya pilipili ya Kikorea, herufi kubwa mwanzo mwisho: "DADA NIMEFUATA KILA KITU IMEKUWA NYEUSI NA CHUNGU KAMA SHUBIRI, NIFANYEJE?" Chini yake picha ya sufuria. Nikacheka peke yangu kitandani, halafu kicheko kikakata. Sufuria ile ningeweza kula kiapo ni yangu ya mwaka juzi.

Nimemwahidi kumjibu kwa kirefu, na kirefu chenyewe ni hiki. Vumilieni, maana siwezi kulijibu swali lake bila kuanzia Jeonju.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua nilisoma Korea Kusini miaka miwili. Jeonju ndiyo mji wa bibimbap, ule wali wenye mboga za rangi rangi na yai juu, na tangu 2012 UNESCO imeuweka kwenye orodha ya miji ya mapishi. Mimi sikwenda kwa ajili ya mapishi, nilikwenda kusomea mambo ya maji. Ila nilipanga hasukjip, yaani nyumba ya kupanga ambayo chakula kimo humo humo kwenye kodi, na mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu ambaye hakuamini kwamba binti mzima anaweza kuishi bila kujua kupika jang. Jang ni familia nzima ya viungo vyao vya soya iliyochachushwa. Gochujang ndiyo ile nyekundu, nzito, inayong'aa, mnayoiona kwenye tamthilia watu wanachanganyia wali usiku baada ya kuachwa na wachumba.

Sasa, gochujang ya kweli si chachandu ya kusaga asubuhi ukala mchana. Siku moja ya Machi yule halmoni (ndivyo wanavyomwita bibi) aliniita jikoni akanikalisha chini. Alikuwa ameloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya vuguvugu. Akakichuja, yale maji akayachanganya na unga wa mchele ule unaonata, akaweka kwenye moto mdogo sana, saa zikapita. Uji ule ukalegea, ukawa mwepesi kama maji ya mchele, na ukawa mtamu bila punje ya sukari, kwa sababu kimea kinavunja wanga kuwa sukari. Baadaye aliuchemsha ukapungua, ukapoa, ndipo akatia unga wa meju, ambayo ni matofali ya soya iliyochachushwa na kukaushwa, kisha pilipili, kisha chumvi. Vyote vikaingia kwenye mtungi wa udongo, mtungi ukapanda darini pamoja na wenzake. Siku ya jua anafunua kifuniko, mvua ikinyemelea anakimbia kufunika. Hivyo kwa miezi.

Lakini mimi kilichonishika ni ile harufu ya kimea. Mimi ni wa Kibosho, Kilimanjaro. Nimekua nikimwona bibi yangu akianika kimea cha ulezi kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na harufu ni ile ile, ya nafaka iliyoota ikakaushwa. Nikataka sana kumweleza. Kikorea changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji. Nikakionyesha kile kimea kwa kidole, nikasema "halmoni" nikijigusa kifua, nikasema "sul", yaani pombe. Akanitazama kwa huruma, akanyanyuka, akarudi na chupa ya soju na glasi moja.

Hiyo ndiyo ya polepole. Ya haraka aliifanya mara moja tu mbele yangu, Novemba, mtungi wa zamani umeisha na mkwe wake yuko mlangoni anataka chupa ya kupeleka Seoul. Alipasha sharubati nzito ya nafaka, akakorogea doenjang, ambayo ni ile rojo ya soya ya kahawia, akazima jiko. Halafu akakaa. Baadaye akachovya kidole, akatia pilipili ya unga huku anakoroga, chumvi, soju kidogo, basi. Nusu saa haikufika.

Hapo kwenye "halafu akakaa", mimi nilikuwa kwenye simu. Kumbukeni hilo.

Nikarudi Dar. Yaliyotokea kati ya kurudi na kukosa kazi nayaruka, hayana ladha. Tuseme tu nilifika mahali nikaona: watu wanaangalia tamthilia za Kikorea kila jioni, gochujang ya dukani ni bei ya kuruka, na majirani zangu Waislamu hawaigusi kwa sababu nyingi za kiwandani zina pombe kwenye orodha ya viambato. Nani aliishi Jeonju hapa? Ni mimi. Nikanunua chupa za jamu.

Jaribio la kwanza nilitumia pilipili kichaa iliyosagwa, vikombe viwili. Nikachemsha asali na maji, na sharubati ikiwa inatokota nikamwaga pilipili yote kwa mpigo, jiko linawaka. Moshi ule sitausahau. Jirani wa ghorofa ya juu alianza kukohoa kabla yangu. Mama akaja mlangoni na kanga imeziba pua, akauliza, "Mwanangu, unafukiza nini?" Ndani ya sufuria rangi ilitoka nyekundu ikaenda kahawia ikaenda lami, na ulimini ukapata uchungu kwanza, ukali baadaye, na utamu hukuuona kabisa. Nikarudia. Ikawa lami tena. Nikadhani asali ndiyo tatizo, nikabadilisha asali. Nikadhani sufuria, nikaazima sufuria. Kilo ngapi za pilipili nilitupa mwezi ule, mama anazijua, na hazitaji mbele za watu kwa upendo wake.

Ni siku nimepumzika, sina hata pilipili ndani, ndipo nikamwona tena halmoni amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anasubiri sufuria ipoe. Nilikuwa nimemwona kwa pembe ya jicho huku nikijibu meseji. Pilipili ya unga haipikwi, jamani. Sukari yake na rangi yake vinaungua upesi sana. Inatiwa kwenye sharubati iliyopoa mpaka unaweza kuchovya kidole ukahesabu hadi kumi bila kukitoa.

Na pilipili yenyewe si kichaa. Gochugaru, pilipili yao ya unga, ina ukali wa wastani, ni tamu tamu na nyekundu sana kwa sababu mbegu nyingi hutolewa kabla ya kusaga. Ya gochujang husagwa laini kuliko ile ya kimchi, kabichi yao ya kuchachushwa. Kwa kuwa gochujang inakwenda na kikombe kizima cha pilipili, ukitumia kichaa hutaweza kula kinachotoka, na ukipunguza kichaa utapata maji matamu yanayowasha. Mimi natumia ile ya Kashmiri ya maduka ya viungo ya Kisutu: nyekundu, mpole, laini. Geuzeni pakiti msome nyuma, ikitajwa rangi irudisheni dukani. Kwa wanaopenda kuwashwa, ongezeni kijiko kimoja cha chai cha kichaa, kimoja tu.

Vipimo vyangu vya sasa ni hivi. Sukari robo tatu ya kikombe, maji nusu kikombe, asali vijiko vinne vya chakula. Naipenda ya Tabora lakini ikizidi inameza ladha nyingine zote, ndiyo maana nachanganya na sukari. Chemsha mpaka sukari iyeyuke na iwe inateleza mgongoni mwa kijiko. Korogea nusu kikombe cha miso, ile rojo ya soya ya Kijapani, ambayo kwenye supamaketi kubwa za Dar inapatikana kirahisi kuliko doenjang, ingawa ni laini zaidi na tamu zaidi. Zima jiko. Kaa. Kikombe kimoja cha pilipili, kijiko baada ya kijiko, ukikoroga kwa mwiko mkavu. Chumvi kijiko kimoja cha chakula, siki vijiko viwili badala ya soju. Itaonekana nyepesi, usiongeze pilipili kwa pupa, iache usiku mmoja ndani ya friji. Unga unakunywa maji taratibu, asubuhi utaikuta imekaza na kung'aa. Inatoka chupa moja na nusu ya jamu.

Narudia, zima jiko.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kuandika hapa.

Nilipopata ile nzuri ya kwanza, nilipaswa kuila wiki tatu nione inavyokaa. Sikufanya hivyo. Niliona miso ni ghali, nikapunguza, nikajazia uji mzito wa unga wa mchele ili inate kama ya bibi. Nikapunguza na chumvi, maana niliona "watu siku hizi wanaogopa presha". Nikajaza chupa saba, nikaziuza kwa wafanyakazi wenzangu wa zamani, elfu kumi na mbili moja. Sikuwaambia waweke kwenye friji. Nilijua mitungi ya Jeonju inakaa darini juani, nikaona kabati la Dar litashindwaje?

Mtungi wa halmoni una chumvi ya kutosha, meju, na miezi ya kazi ya vijidudu ndani yake. Changu kilikuwa uji mtamu wenye rangi. Siku ya kumi na moja ikatumwa picha kwenye grupu la WhatsApp la ofisini: chupa yangu, lebo yangu, na juu ya wekundu ule duara la ukungu wa kijivu lenye manyoya. Maneno ya chini: "Korea imeota ndevu." Vikaragosi vya kucheka vilifika thelathini na mbili, nilivihesabu. Aliyetuma ni mtu tuliyekula naye mchana meza moja miaka mitatu. Angeweza kunipigia. Namba yangu anayo.

Nilirudisha pesa za chupa nne. Watatu walisema haina shida, kwa sauti ile ya kwamba shida ipo. Nikatoka kwenye grupu. Mpaka leo nikipita eneo lile la ofisi nashuka kituo cha mbele.

Kwa hiyo wadogo zangu, na najua wengi wenu mnataka kuuza kama mimi, msinitumie ujumbe wa kuniuliza lebo nachapisha wapi kabla hamjala chupa yenu wenyewe mpaka chini. Tunapenda sana picha siku hizi. Mtu anapika mara moja, Ijumaa amefungua ukurasa, Jumamosi ana nembo. Mkiuza chakula mmeshika tumbo la mtu mkononi. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliingiza maarifa ya kutengeneza jang ya Korea kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na mimi niliyeona kwa macho yangu mwanamke anakimbia ngazi na magoti mabovu kwenda kufunika mitungi, nilikuwa nimeandika kwenye chupa ya uji "Gochujang Halisi". Sasa lebo inasema "rojo ya pilipili ya mtindo wa Kikorea, weka kwenye friji, maliza ndani ya mwezi". Ni ndefu na haipendezi kwenye picha. Ndiyo hiyo hiyo.

Uji nimeacha kabisa. Kijiko chenye maji hakiingii kwenye chupa, hata cha mama. Napika kidogo kidogo. Mwezi uliopita mama mmoja Mkorea anayeishi huku alichukua chupa kupitia rafiki yangu, akanitumia ujumbe wa sauti. Alisema sukari imezidi na inaonekana sina meju, halafu akaagiza mbili. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu.

Wanaouliza inaliwa na nini: kuku. Kijiko kimoja cha rojo, kimoja cha sosi ya soya, kitunguu saumu punje tatu, tangawizi, paka kwenye vipapatio, acha saa mbili, choma. Sukari inaungua haraka kwenye mkaa, kwa hiyo paka mara ya pili mwishoni, usimalize yote mwanzoni. Au fanyeni kama nilivyokuwa nafanya Jeonju tarehe ishirini na tano kuendelea, wali wa moto, yai la kukaanga, mchicha uliobaki, kijiko cha rojo, tone la mafuta ya ufuta, koroga mpaka wali wote uwe mwekundu.

Na wewe wa Morogoro, itupe. Najua pilipili ni pesa. Mimi niliongezea ya kwangu sukari robo kilo nikidhani nitauficha uchungu, nikapata jamu nyeusi ambayo hata sisimizi hawakuisogelea. Loweka sufuria usiku kucha na magadi, itatoka. Ukianza upya, simu iache chumbani.