Jibu kwa mleta mada: mashamba yasigeuke viwanja, sisi huku Misungwi tulijaribu hivi

Mkuu mleta mada, umeuliza kama wenye mashamba wa Usagara, Kisesa na kwingineko pembeni ya Mwanza tunaweza kujifunga wenyewe, kwa hiari, kwamba mashamba hayakatwi viwanja, kama ulivyosikia wanavyofanya Marekani. Waliotangulia wamekujibu kwamba hela ndiyo inaongea, funga mada. Mimi nasema inawezekana nusu, na hiyo nusu ina jasho lake. Nimeipitia.

Tuanze na ya Marekani, maana ndiyo iliyokuvutia. California wana sheria ya mwaka 1965, wanaiita ya Williamson. Mkulima anaingia mkataba na kaunti yake kwa miaka isiyopungua 10, na kila mwaka mkataba unajisogeza mbele mpaka atoe taarifa kwamba hataki tena. Akishajifunga, ardhi yake inatozwa kodi kwa kuangalia kilimo chake, sio bei ambayo mjenzi wa nyumba angeitoa. Sasa hapo chambo kipo. Shamba la mama yangu halijawahi kulipiwa kodi ya ardhi hata senti, kijiji kingempunguzia nini? Tukiiga hiyo kama ilivyo inatufia mkononi.

Sisi tuna ekari sita hivi. Juu ni luseni, yaani udongo wa kichanga, mihogo na viazi. Chini ni mbuga, yaani bonde la udongo mzito, majaruba ya mpunga. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lianze kujengwa, madalali hawakauki. Siku niliyoshtuka nilikuwa likizo, mpunga umefika magotini. Nikamkuta jamaa kavua viatu, kavishika mkononi, anahesabu hatua juu ya tuta la jaruba letu, ishirini kwa ishirini. Nyuma yake kijana anachomeka vijiti vya mnyaa. Namuuliza nani kakutuma, ananitajia baba mdogo.

Nilienda kwa baba mdogo nikiwa na maneno mengi. Niliyameza yote. Mama mdogo alikuwa wiki ya tatu wodini, na mzee alishauza ng'ombe wawili. Dalali alijua hayo kabla yangu mimi wa ukoo. Ndiyo kazi yake: hatafuti shamba zuri, anatafuta nyumba yenye mgonjwa, msiba au mtoto aliyefaulu na ada haipo.

Hapo ndipo tulipokosea mwanzoni. Tulikaa kaya tisa, ndugu na majirani, tukaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba hakuna kuuza mbuga. Tukasaini, tukala ugali na sato, tukaachana. Msimu haujaisha jirani mmoja kauza kipande kwa mtu wa mjini. Mnunuzi ana karatasi ya mauziano yenye muhuri, sisi tuna daftari. Na hata kumlaumu jirani tulishindwa, maana tulimkataza kuuza bila kumpa pa kukopa.

Mara ya pili tulianza na mfuko. Kila mavuno, kila kaya gunia moja la mpunga. Tunalihifadhi, tunauza bei ikipanda, na fedha inakopeshwa bila riba kwa mambo matatu tu: ugonjwa, msiba, ada. Harusi hapana (hapo palikuwa na kelele). Ukitaka kuuza bado unaruhusiwa, ila unatuambia sisi kwanza na unasubiri siku 60. Wiki ya pili ya kusubiri mtu huwa ameshapata njia nyingine.

Karatasi zikafuata. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mwanakijiji anapata hati ya hakimiliki ya kimila, na kumuuzia mtu asiye mkazi kunataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Hapo muhuri wa dalali peke yake hautoshi. Hati zetu tuliandikisha majina ya mume na mke, wote wawili. Usiruke hili, akina mama ndio waliozuia mauzo mengi kuliko sisi wenye midomo.

Halafu mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ule wa sheria Na. 6 ya 2007, ambao hausimami bila mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Wataalamu wa wilaya tuliwasubiri misimu miwili. Kwenye mkutano vijana walitugeuka: mnatufungia riziki, tutajenga wapi? Walikuwa na haki. Tukakubaliana luseni ya kando ya barabara iwe makazi, mbuga ibaki kilimo. Kilichotuokoa ni mzee mmoja aliyesimama akasema kwa Kisukuma kwamba hii si kitu kingine, ni ngitili. Ngitili kila mtu anaijua: unalifunga eneo la malisho masika, unalifungulia kiangazi, na atakayeingiza ng'ombe kabla anapigwa faini. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, uliirudisha misitu kwa kupitia desturi hiyohiyo. Dakika kumi baadaye mikono ilikuwa juu.

Usidanganyike kwamba ni kinga ya kila kitu. Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kwa manufaa ya umma, na mji ukiwafikia kijiji kikawa mtaa, mchezo ni mwingine kabisa. Wa Buhongwa na Buswelu wanalijua hili. Na wenye bustani za ziwani, ile sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 inawahusu na ninyi, sio wenye hoteli tu.

Kaya tisa, tumebaki saba. Wawili waliuza, mmoja anatamani kurudi. Baba mdogo ndiye mweka hazina, na yule dalali bado anampigia simu kila Februari.

Sasa nijibu: eneo lenu bado ni kijiji chenye cheti cha ardhi ya kijiji, au mmeshawekwa mtaa? Kama ni kijiji, nicheki nikutumie kile kipengele cha siku 60 tulivyokiandika.