Dabodeka au vitanda viwili? Pimeni chumba kwanza

Shule zikikaribia kufunga, maswali ya vitanda vya watoto hufurika. Nimechagua yanayojibika. Yaliyokuja bila vipimo vya chumba na bila umri wa watoto nimeyaweka kando, isipokuwa hili la kwanza, maana linaletwa kila mara na nikinyamaza naonekana nina kiburi.

Dabodeka ni bei gani? (Wengi)

Ya mbao gani, godoro la futi ngapi, na uko mkoa gani? Ukishayajua hayo matatu, muulize fundi wa mtaani kwako. Atakutajia bei kabla yangu.

Nina chumba cha futi 10 kwa 10 na watoto wawili wa kiume, miaka 9 na 7. Mke wangu anataka vitanda viwili, mimi nataka dabodeka. Nani yuko sahihi? (Baba wa wawili, Tabata)

Safari hii ni wewe, na aliyekuokoa ni kabati la nguo.

Futi 3 kwa 6 ni kipimo cha godoro. Ukiongeza mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, na mbao za mchagoni na miguuni, kitanda chenyewe kinakula inchi 40 kwa 78. Weka viwili kwenye kuta zinazotazamana: inchi 80 zimekwenda, katikati inabaki njia ya inchi 40. Mpaka hapo mkeo anashinda. Sasa geukia miguuni. Inchi 120 ukitoa 78 zinabaki 42. Kabati la kawaida lina kina cha inchi 24, kwa hiyo mnabakiwa na inchi 18, na mlango wa chumba una upana wa inchi 32 au zaidi. Utafunguka nusu, na kila asubuhi mtu ataingia kiubavuubavu.

Chumba kingekuwa futi 10 kwa 12 ningemuunga mkono mkeo bila kusita. Vitanda vikilala kwa urefu wa futi 12, miguuni zinabaki inchi 66, kabati linakaa na mlango unafunguka wote. Dabodeka ina faida moja tu, nayo ni sakafu. Kutandika kitanda cha juu ni adha, kumhudumia mtoto mwenye homa kule juu usiku wa manane ni adha zaidi, na joto la dari analipata wa juu kabla ya mwingine. Mwenye sakafu ya kutosha anayenunua dabodeka kwa sababu ameona picha nzuri mtandaoni ananunua adha hizo kwa hiari yake.

Na kama nyumba ni ya kupanga, usichukue ile iliyochomelewa ikawa kipande kimoja. Iliingia kabla kabati halijawekwa koridoni; siku ya kuhama itatoka kwa msumeno.

Nataka kuweka godoro la inchi 8 juu na la inchi 8 chini ili watoto wasigombane. Fundi amesema ukingo wa juu utaharibu muonekano, na kwamba mabwenini hauwekwi na wanafunzi hawaanguki. Mdogo ana miaka 5. (Mama, Arusha)

Wanaanguka. Huwa hamuambiwi tu.

Haya nimeyaandika mara nyingi, nayarudia kwa vipimo ili fundi asipate pa kukwepea. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika mwaka 2000 inadai ukingo wa kitanda cha juu uupite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi. Kiwango cha Ulaya, EN 747, kinataka sentimeta 16, yaani inchi 6 na kidogo. Kipimo kinaanzia juu ya godoro. Mafundi wengi wanapima kutoka kwenye chaga, zile mbao zinazobeba godoro, wanatengeneza ukingo wa inchi 10, wanaona wamemaliza. Weka godoro lako la inchi 8 humo: umebakiwa na inchi 2. Mtoto akigeuka usingizini, inchi 2 hazimzuii, zinampiga mtama.

Agiza hivi: kutoka juu ya chaga hadi juu ya ukingo, inchi 12 na nusu. Godoro la juu lisizidi inchi 6. La chini liwe hata la inchi 10 ukipenda, na kama watapigania unene, waambie wa juu analipwa kwa kupanda ngazi.

Ukingo uzunguke pande zote, na ule wa ukutani ndio usikubali uachwe hata kidogo. Kitanda husogea. Kila siku kinaachana na ukuta kidogo kidogo, na pengo likifika upana wa kiwiliwili, mtoto anateleza kwa miguu, mwili unapita, kichwa kinakwama. Kwa sababu hiyohiyo nafasi kati ya mbao za ukingo isifike inchi 3 na nusu. Kama huna futikamba, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ikipita katikati ya mbao, rudisha kitanda kwa fundi. Mwanya wa kupandia ngazi ndio pekee unaoruhusiwa, nao usizidi inchi 15.

Mtoto wa miaka 5 halali juu, na siku akifika 6 ndipo mnaanza kuzungumza. Kama bado anakojoa kitandani, abaki chini hata akiwa na 8, juu ya makintoshi, bila masimango. Akilala juu, anayelowa ni wa chini, na ugomvi huo hauna mwisho.

Mwisho, bwenini si mahali pa kuiga. Vile vitanda vilinunuliwa kwa wingi ili vijae chumba.

Dabodeka tumeshanunua, chumba ni futi 10 kwa 10, dari futi 9, pangaboi liko katikati. Mume wangu anasema liko juu mno kumfikia mtoto. (Mbagala)

Tupime. Pangaboi la inchi 56 lina nusu ya inchi 28. Kutoka ukutani hadi katikati ya chumba ni inchi 60. Toa 28, ncha ya panga inapita inchi 32 kutoka ukutani. Kitanda chenu kinaanzia ukutani na kina upana wa inchi 40. Kama kiko katikati ya ukuta huo, panga linapita juu ya kitanda cha mtoto kwa inchi 8 nzima.

Na urefu je? Uso wa godoro la juu huwa kwenye inchi 59 hivi kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka 8 akikaa, utosi wake uko kwenye inchi 86. Panga lililoning'inia inchi 12 chini ya dari ya futi 9 liko kwenye inchi 96. Zimebaki 10. Huyo amekaa tu, hajapiga magoti, hajanyanyua mikono avue fulana.

Kubadilisha muweke la inchi 48 hakusaidii, bado linaingia inchi 4 juu ya kitanda. Lishusheni lote, wekeni feni ya ukutani ya inchi 16 upande wa pili, ielekezwe katikati ya vitanda viwili. Na wa chini atawashukuru, kwa sababu pangaboi halimfikishii upepo hata chembe. Kitanda cha juu kinamkinga kama mwavuli. Wale mnaomfungia wa chini kanga kama pazia ili apate faragha, mnamkaanga.

Mbao au chuma? (Tanga)

Kwa Tanga, Dar na visiwani, mbao. Hewa ya chumvi huanza kula chuma pale rangi ilipokwaruzika, na kitanda cha mtoto hukwaruzika kila siku. Ukikaidi, basi miguu iwe ya paipu za mraba za milimita 40 zenye unene wa milimita 1.5, ipakwe oksaidi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya rangi, na midomo ya paipu izibwe, la sivyo kunguni wanapata nyumba ambayo dawa haifiki. Angalia kona kwa chini: kuchomelea kuwe kumezunguka kiungo chote, si vidoti viwili kila upande.

Kwenye mbao, mninga ni mzuri na hautafuniki ovyo. Mkongo ni imara lakini mzito, na kukibeba kitanda cha juu wakati wa kuhama kunataka wanaume wanne wasiogombana. Paina si dhambi, mradi iwe imewekwa dawa na imekauka, na mfumbati usiwe na jicho la mbao katikati, maana hapo ndipo unapokatika. Mifumbati iwe inchi 2 kwa 6, chaga 12 za upana wa inchi 3 kila kitanda, kila ncha skrubu mbili. Chaga zilizolazwa tu bila kufungwa, mtoto akirukaruka juu, zinahama na kumshukia wa chini. "Imekauka" ni neno la kila fundi. Angalia vumbi la msumeno: likishikana ukilifinya, mbao ni mbichi, na miezi sita baadaye kila kiungo kitalegea.

Dada wa kazi alale juu na mtoto chini, inafaa? Kitanda kilipimwa kwa watoto. (Kinondoni)

Kama kitanda kilipimwa kwa mtu mzima, kinafaa. Chenu kilipimwa kwa watoto, umesema mwenyewe. Mnunulieni kitanda chake. Mtu mzima anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwapikia uji ana haki ya kukaa kitandani bila kuinama.

Chandarua nitafungaje? (Morogoro)

Viwili, kila kitanda chake. Kimoja kikubwa cha kufunika vyote hakifai: wa juu akishuka usiku amewafungulia mbu mlango wote wawili. Chagua vya mraba. Cha juu kifungwe kwenye kulabu nne za dari. Cha chini kifungwe kwenye mifumbati ya juu kwa upande wa ndani. Kitakuwa kirefu mno, usikikate, ziada yote ichomekwe chini ya godoro. Kamba ziwe fupi. Usiache kamba, mkanda wala kanga inayoning'inia kutoka kitanda cha juu, kwa maana watoto huigeuza bembea na shingo hupita humo. Kikichafuka, fua kwa sabuni ya kipande, anika kivulini, jiki usiiguse.

Nina mtoto wa kiume miaka 10 na wa kike 8, chumba kimoja. Dabodeka inahesabika kuwa wametenganishwa malazi? (Unguja)

Hukumu ya hadithi ya Mtume kuhusu kuwatenganisha watoto malazi muulize ustadhi wako, mimi ni wa mbao. La upande wangu ni hili: agiza dabodeka inayoachana, vitanda viwili kamili vilivyoshikwa kwa pini za chuma za milimita 12, inchi 2 zikiingia chini na inchi 2 juu, bila gundi. Siku ukipata chumba cha pili unanyanyua tu. Mwambie fundi akutenganishie mbele yako kabla ya kupiga vanishi. Wapo wanaoahidi pini na kutia misumari.

Kitanda kina miezi saba, kinalia na kuyumba. Fundi hapokei simu. (Mwanza)

Kulia na kuyumba ni magonjwa mawili. Toa magodoro yote, kisha sukuma kitanda kwa urefu. Kikiyumba, shida iko mahali mfumbati unapokutana na mguu. Sukuma kwa upana. Kikiyumba, ni kichwani au miguuni. Kikikaa imara kote lakini usiku kinalia, ni chaga.

Chaga: ng'oa misumari, tia skrubu za inchi 2, na kati ya chaga na ubao unaozibeba weka vipande vya tyubu ya baiskeli. Mlio unakwisha siku hiyohiyo.

Viungo vya mifumbati: kama vina bolti, kaza nati, na chini ya nati uweke washa pana, kwa sababu bila hiyo nati inazama kwenye mbao na kila ukikaza unazidi kuharibu. Kama ni ulimi na tundu, usijaze gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao kama mtakavyoshauriwa, haibebi uzito. Fungua kiungo, kwangua gundi ya zamani, gongea kabari nyembamba ya mbao ngumu yenye gundi mpya, bana kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, acha siku nzima kabla mtu hajalala.

Kisha funga kitanda cha juu ukutani kwa engo mbili za chuma na skrubu za inchi 2 na nusu, zikiingia kwenye plagi za plastiki zilizopigwa ukutani, kwenye tofali na si kwenye plasta. Mwenye nyumba akilalamika, matundu manne yanazibwa kwa saruji ya kujaa kiganja.