Ginger Baker, Mpiga Dramu wa London Aliyekwenda Lagos

Swali: Ginger Baker alikuwa nani, na alianzaje kupiga dramu?

Jibu: Jina lake halisi lilikuwa Peter Edward Baker, mzaliwa wa Lewisham, kusini mwa London, mwaka 1939, jina la Ginger alibandikwa kwa sababu ya nywele zake nyekundu. Baba yake aliuawa katika Vita Vikuu vya Pili. Ujanani alipenda mashindano ya baiskeli, kisha akaingia katika jazi, ambako mpiga dramu Phil Seamen alimsikilizisha santuri za ngoma za Kiafrika. Naamini usikilizaji huo ndio uliomjenga kuliko jambo jingine lolote.

Swali: Kwa nini Cream, bendi yake ya roki, haikudumu?

Jibu: Baker na mpiga besi Jack Bruce walikuwa wakigombana tangu walipokuwa pamoja katika bendi ya Graham Bond. Mpiga gitaa Eric Clapton aliwaunganisha tena katika Cream mwaka 1966, lakini ugomvi haukuisha, na Novemba 1968 waliwaaga mashabiki katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London.

Swali: Ni kweli kwamba aliishi Nigeria?

Jibu: Ni kweli, na hapo ndipo penye uzito wa maisha yake, ingawa wengi hukipita kipindi hicho haraka. Mwaka 1971 alisafiri kwa gari akikatiza jangwa la Sahara hadi Lagos, na mwaka huohuo ikatoka albamu aliyorekodi na Fela Kuti, mwanamuziki wa Afrobeat wa Nigeria, pamoja na bendi yake ya Africa 70. Baker alijenga studio Ikeja, Lagos, na Paul McCartney, aliyekuwa wa Beatles, alipokwenda Nigeria mwaka 1973 alirekodi humo wimbo mmoja. Inafaa kutaja kwamba katika bendi ya Fela alimkuta mpiga dramu Tony Allen, fundi ambaye mikono yake miwili na miguu yake miwili ilipiga midundo tofauti kwa wakati mmoja bila kukanyagana, na ambaye Baker alimheshimu sana.

Swali: Ninajifunza dramu. Nimsikilize wapi kwanza?

Jibu: Anza na “Toad”, katika albamu ya kwanza ya Cream, ufuatilie zile ngoma mbili za besi, kila mguu na yake: utasikia miguu ikishika mdundo wakati mikono inazungumza juu yake. Kisha tafuta rekodi ya Berlin ya mwaka 1978, ambamo yeye na Allen wanapiga dramu peke yao kwa takriban dakika 16. Usiharakishe kutafuta nani ni bora. Sikiliza jinsi mmoja anavyompisha mwenzake.

Swali: Aliendelea kupiga hadi uzeeni?

Jibu: Ndiyo, licha ya maradhi ya mapafu na viungo. Cream walikutana tena mwaka 2005, na mwaka 2014 alitoa albamu ya jazi akiwa na Abass Dodoo, mpiga ngoma kutoka Ghana. Alifariki tarehe 6 Oktoba 2019, akiwa na miaka 80.